Miwani ya uhalisia pepe kwa konsoli ya nyumbani (Kericho na Bomet)

Miwani ya uhalisia pepe ni kifaa kinachovaliwa kichwani na kufunika macho yote mawili, kila jicho likipata picha yake, hata mchezaji akajiona yumo ndani ya gemu badala ya kuitazama kwenye televisheni. Vihisi vyake hufuata kichwa kinapogeuka, na picha hugeuka papo hapo. Makala hii inaeleza namna ya kuichagua katika ukanda wa majani chai wa kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, kutoka mji wa Kericho na Litein hadi Kapkatet, Sotik, Silibwet na Mogogosiek. Konsoli si ngeni huko. Vijana wengi walishika kontrola kwa mara ya kwanza katika vyumba vya gemu vya sokoni, wakilipia kandanda mechi baada ya mechi. Miwani ndiyo ngeni, na mnunuzi mara nyingi hulazimika kuilipia kabla ya kuwahi kuivaa.

Ununuzi mkubwa katika kaya za wakulima wadogo wa chai hufuata kalenda ya KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima hao. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka, kisha bonasi huja baada ya kufungwa hesabu za mwaka unaoishia Juni, kwa kawaida kuelekea Oktoba. Fedha hizo zinangojewa na karo, mabati na mbolea. Miwani isiyokubaliana na konsoli iliyopo sebuleni ni hasara isiyo na fidia, na ndilo kosa rahisi zaidi kulifanya, kwa kuwa maboksi ya vifaa hivi yanafanana na majina yao yanakaribiana.

Konsoli kwanza

Jambo la kujua kabla ya bei, uzito au ubora wa picha ni kwamba konsoli ndiyo inayochagua miwani. Kwa PlayStation 4 ipo moja tu, PlayStation VR, iliyotolewa na Sony Oktoba 2016 kwa dola 399. Kwa PlayStation 5 ipo PlayStation VR2, iliyotoka tarehe 22 Februari 2023 kwa dola 549.99 na kupunguzwa hadi dola 399.99 Machi 2025. VR2 haiingii kwenye PlayStation 4 kwa namna yoyote. Ile ya zamani huweza kutumika kwenye PlayStation 5, lakini kwa gemu za PlayStation 4 pekee, na kwa sharti la kamera ya PlayStation 4 pamoja na adapta yake maalumu, maana kamera ya PlayStation 5 haiitambui. Gemu zilizotengenezwa kwa miwani ya kwanza nazo hazichezeki kwenye VR2, isipokuwa pale mtengenezaji alipotoa toleo jipya.

Mwenye Xbox hana cha kununua. Microsoft haijawahi kutoa miwani ya uhalisia pepe kwa konsoli zake. Toleo la Quest 3S lenye jina la Xbox, lililouzwa kuanzia Juni 2025, ni miwani ya Meta iliyofungashwa na kontrola ya Xbox. Gemu za Xbox huonekana ndani yake kama kwenye skrini kubwa bapa, zikiletwa na intaneti. Nintendo nayo iliwahi kujaribu. Virtual Boy ya 1995 ilionyesha rangi nyekundu tu juu ya weusi na haikudumu sokoni, na Labo ya 2019 ilikuwa ya kadibodi iliyoshikilia Switch mbele ya macho, ikafurahisha watoto kwa muda mfupi.

Quest 3 ya Oktoba 2023 na Quest 3S ya Oktoba 2024 ziko kando ya yote haya. Zina kompyuta na betri zao ndani, hivyo hazihitaji konsoli, na wala hazichezi gemu za uhalisia pepe za PlayStation. Muuzaji anayesema Quest "inaingia PS5" anazungumzia kuonyesha picha bapa tu. Kwa kaya isiyo na konsoli, Quest 3S ndiyo chaguo la busara zaidi kati ya zote zinazotajwa hapa. Kwa kaya yenye PlayStation 5 tayari na mpenzi wa mbio za magari, VR2 haina mshindani, kwa sababu Gran Turismo 7 karibu yote huchezeka ndani yake bila malipo ya ziada.

Picha na mwili

VR2 ina skrini za OLED zenye nukta 2000 kwa 2040 kwa kila jicho, ilhali miwani ya 2016 ilikuwa na 960 kwa 1080. Tofauti hiyo huonekana hasa katika maandishi madogo na vitu vya mbali: kwenye miwani ya zamani gari lililo mbele sana huwa ni vumbi la rangi. Hata hivyo lenzi za VR2 zina sehemu ndogo tu ya katikati iliyo makini, na asiyeziweka sawasawa mbele ya mboni ataona ukungu na kudhani kifaa ni kibovu. Kuna gurudumu dogo la kurekebisha umbali kati ya lenzi. Kila mwanafamilia hana budi kulizungusha upya anapovaa.

Kichefuchefu huja pale macho yanapoambiwa mwili unakwenda huku sikio la ndani likikataa. Wanaoanza wakae kwenye kiti, wachague gemu ambazo mchezaji hahami kutoka mahali alipo, na wavue mara tu jasho jembamba linapoanza. Kujikaza hakumzoeshi mtu. Sony haipendekezi miwani yake kwa watoto walio chini ya miaka 12. Meta inaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Chumba, baridi na umeme

VR2 huomba nafasi ya mita 2 kwa 2 kwa mchezo wa kutembea, na hutosheka na mita 1 kwa 1 kwa aliyesimama. Katika nyumba za wafanyakazi ndani ya mashamba makubwa ya chai, ambako chumba kimoja hubeba kitanda, meza na jiko, mchezo wa kukaa ndio unaowezekana, na si duni. Mbio za magari, ndege na mafumbo mengi yametungwa kwa aliyeketi. VR2 huunganishwa na konsoli kwa kebo moja ya mita 4.5 na hujipima kwa kamera zake nne, kwa hiyo hutaka taa ya kutosha. Miwani ya kwanza hutegemea kamera iliyo mbele ya mchezaji, ina kisanduku chake cha kati, na nyaya zake hutanda sakafuni. Kwenye chumba chenye watoto wanaopita, hilo ni jambo la kupima.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Miwani iliyolala kwenye chumba baridi hupata ukungu kwenye lenzi dakika ya kwanza uso wenye joto unapoigusa. Iache iwake kidogo kabla ya kuivaa. Sponji lake lisifungiwe kwenye mfuko wa plastiki likiwa na unyevu, kwa maana litaota kuvu. Na jua la kibarazani ni hatari kuliko mvua, kwa kuwa lenzi hukusanya miale na kuunguza skrini kwa muda mfupi, alama isiyofutika. Kitambaa kavu cha kufutia miwani ya macho kinatosha. Maji na spiriti viwe mbali na lenzi.

Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na radi huandamana nayo. Anga ikianza kunguruma, chomoa konsoli, televisheni na adapta zote ukutani. Siku za kawaida, kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kile ambacho maduka huuza kwa ajili ya televisheni, ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na PlayStation 5. Konsoli hiyo hula takriban wati 200 gemu nzito ikichezwa, kabla ya televisheni kuhesabiwa. Vifaa vidogo vya sola vya kuwashia taa na kuchaji simu haviwezi kuibeba. Stima ikipotea, mwenye Quest huendelea kwa saa mbili hivi za betri.

Akaunti na intaneti

Hapa ndipo wengi hukwama wakiwa wameshalipa. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambako PlayStation Network inatolewa rasmi. Barani Afrika, Afrika Kusini imo. Mei 2024 jambo hili lilidhihirika kwa wachezaji wa kompyuta, pale gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na mtandao huo. Wakenya wengi hutumia akaunti iliyofunguliwa kwa jina la nchi nyingine na kununua kwa kadi za zawadi, kwa sababu duka la nchi moja mara nyingi hukataa kadi ya benki ya nchi nyingine. Kadi ya Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti ya Uingereza. Familia iamue nchi moja tangu mwanzo.

Gran Turismo 7 pekee huzidi gigabaiti 100. Kwa bando za simu hilo ni pigo. Kwa faiba ya mjini au Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, ni usiku mmoja wa kusubiri. Kwa sababu hiyo konsoli yenye sehemu ya diski inafaa zaidi mashambani. Astro Bot Rescue Mission, Blood & Truth na Farpoint za miwani ya kwanza zilitoka kwa diski, na diski hubadilishwa kati ya majirani.

Mashabiki wa Safari Rally wajue kwamba EA Sports WRC ya 2023 ina barabara za Kenya, lakini uhalisia pepe wake, ulioongezwa 2024, uko kwenye kompyuta tu. Mwenye VR2 huweza kuufikia kupitia adapta ya kompyuta ya Agosti 2024, iwapo ana kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu.

Mitumba

Miwani nyingi za 2016 zinazouzwa sasa zimeshatumika, nyingine zikitoka Nairobi zikiwa kifurushi ndani ya basi. Tazama namba ya modeli: kisanduku na kebo za CUH-ZVR1 havichanganyiki na vya CUH-ZVR2. Hakikisha kamera imo na vijiti vya kuchezea vya Move vinashika chaji. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta mikwaruzo, kisha omba iwashwe mbele yako ukiwa umeivaa, utafute doa la jua kwenye picha nyeupe. Anayenunua kwa ajili ya chumba cha gemu anunue pia vifuniko vya uso vinavyooshika, na amzuie mteja mwenye macho mekundu.