Breki ya Pikipiki, Tangu Kiatu Kikuukuu

Leo tunasoma habari ya breki.

Wewe uliyeko Runazi, au upande wa Ngara, unavijua vilima. Kuipandisha pikipiki ni kazi ya injini. Kuishusha, ikiwa na mkungu wa ndizi nyuma, ni kazi ya breki. Je, breki hii imetoka wapi?

Zamani huko Uingereza mizigo ilikokotwa na farasi. Breki ya gari ilikuwa kipande cha mti kilichokandamizwa juu ya gurudumu. Husimuliwa kwamba mtu mmoja, Herbert Frood, aliwaona waendesha magari wamefunga kiatu kikuukuu juu ya mti ule, maana ngozi hushika kuliko mti mtupu. Mwaka 1897 Frood alianza kazi ya kutengeneza vitu vya breki, na kiwanda chake kikaitwa Ferodo. Usicheke. Jirani zetu wa Goma, katika Kongo, huchukua viazi na makaa kwa chukudu, yaani gari la mti la magurudumu mawili. Breki yake ni kipande cha mpira wa gari, nacho hukanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Ni akili ile ile ya kiatu.

Breki ya nje huharibiwa na matope. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki ya ndani. Viatu viwili hukaa ndani ya bakuli la chuma, katikati ya gurudumu. Ukivuta breki, hutanuka na kulishika bakuli. Mafundi huliita dramu, na viatu huviita brekishuu. Yamaha DT-1 ya mwaka 1968, pikipiki ya njia mbaya, ilikuwa na dramu mbele na nyuma.

Sasa sikiliza vema. Ngozi huungua kwa joto la breki. Kwa hiyo viwanda vilitumia asbesto, nyuzi za jiwe lisiloungua. Ilishika vizuri sana, lakini vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani, pengine baada ya miaka 20 au 40. Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999. Lakini pikipiki ya zamani yaweza kuwa nayo bado, na kwa macho huwezi kuitambua.

Basi, ukifungua dramu kuukuu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Mafundi wengi hufanya hivyo, nao ni vijana. Lowesha kwa maji, upanguse kwa kitambaa kibichi, kisha ukifunge kitambaa hicho katika mfuko kingali na maji. Watoto wakae mbali.

Tazama brekishuu. Ikiwa sehemu ya kushika imebaki unene wa milimita 2, au imelowa oili, badilisha zote mbili pamoja, usibadilishe moja. Funga gurudumu, kaza nati iliyo mwisho wa waya, kisha lizungushe kwa mkono. Lizunguke bila kukwama. Brekishuu mpya hazishiki vema siku ya kwanza, kwa hiyo zijaribu mahali tambarare, bila mzigo.

Andika daftarini: breki, waya, dramu, asbesto.