Nidhamu bila kiboko katika shule za mpakani

Tangu serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, walimu wengi wamekuwa wakiuliza watumie nini badala yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikaza uzi zaidi: anayempiga mwanafunzi au kumtesa kiakili anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili.

Katika miji ya Busia na Malaba suala hili lina uzito wake. Mwanafunzi anayechelewa huenda aliamka alfajiri kumsaidia mamake kupanga bidhaa sokoni, au amevuka mpaka kutoka Uganda. Akichapwa na kufukuzwa, barabara haiko mbali. Pale pana mizigo ya kubeba na madereva wa malori wa kuuziwa njugu, na malipo ni ya papo hapo.

Kwa hivyo mwalimu aulize kabla ya kukaripia, tena faraghani, kwani mtoto anayehojiwa mbele ya wenzake hudanganya ili kuficha aibu. Anayenyamaza asidhaniwe kuwa jeuri. Pengine amezoea Kiteso au Kisamia na hakuelewa swali.

Hii si kusema makosa yapuuzwe. Aliyerarua kitabu cha mwenzake na akibandike, kisha aombe radhi. Utoro ukizidi, mzazi ahusishwe, na ikibidi afuatwe sokoni, maana mchuuzi hawezi kufunga kibanda siku ya soko.