Kicheko na Mapenzi katika Sinema: Sura Yetu i Wapi?

Sinema ya mapenzi yenye vichekesho si jambo geni kwa watu wa Pemba. Hapa Vitongoji wazee husimulia kwamba mtu aliyetaka kuona sinema ilimbidi aifuate Chake Chake, akarudi usiku kwa miguu, na asubuhi yake akawahadithia barazani wale ambao hawakwenda. Aghalabu ilikuwa sinema ya Kihindi. Msimulizi hakuijua lugha, lakini aliyajua mambo yenyewe: kijana fukara, binti wa watu, mzee asiyekubali posa, na heshima ya nyumba iliyowekwa mizanini.

Miongoni mwa sinema zilizopendwa Zanzibar katika miaka ya 1950 ni zile za Raj Kapoor, kama Awara ya mwaka 1951 na Shree 420 ya mwaka 1955. Katika hii ya pili, kijana asiye na kitu anaingia Bombay, anachekesha, anapotoka, na anapendwa na mwalimu wa kike aliye maskini kama yeye. Watazamaji walimcheka, lakini walicheka pamoja naye. Sauti za nyimbo za sinema za namna hiyo zikaingia hata katika taarab yetu.

Katika miaka hiyo hiyo, chini ya utawala wa Mwingereza, zilitengenezwa Tanganyika sinema chache za Kiswahili. Moja ni Muhogo Mchungu, ambayo ndani yake alicheza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Humo pia mtu wa shamba anaingia mjini, Dar es Salaam, na kulaghaiwa. Lugha ilikuwa yetu na sura ilikuwa yetu, lakini kicheko kilikuwa juu ya ujinga wa mtu wa shamba. Maskini wa Bombay alichekwa na kupendwa. Maskini wetu alichekwa ili apewe somo.

Hatuna budi kujiuliza kama kasoro hiyo imekwisha. Katika vichekesho vya siku hizi Mpemba aghalabu huonekana dukani, akisema "yakhe" na kuhesabu fedha. Ni nadra kumwona akipenda, akiposa, akikataliwa, kisha akajicheka mwenyewe. Matamshi yake yamefanywa kuwa ndiyo mzaha wenyewe. Hatusemi tusitaniwe, kwani utani ni ada kongwe. Lakini utani ni wa watu wawili. Asiyepewa nafasi ya kujibu hataniwi, bali hudhihakiwa.

Njia nyingine ipo, na imekwisha kuonyeshwa. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hicho si kichekesho; ni kisa cha mapenzi na siasa. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, anaikimbia ndoa aliyoozwa kwa mume mtu mzima, na moyo wake unamwelekea Denge, mpigania uhuru. Yule Mhindi ambaye wazee wetu walimtazama miaka mingi kama mtu wa Bombay, hapa ni jirani asemaye Kiswahili, mwenye haki ya kuchagua na ya kukosea.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Vijana wa Vitongoji leo wanazo simu zinazopiga picha, na visa vya posa na harusi havijapungua vijijini. Na wavitengeneze wenyewe, kwa lahaja yao, bila ya kuona haya. Siku ambayo Mpemba atachekesha kwa akili yake badala ya matamshi yake, na binti wa Kipemba akasema mwenyewe amtakaye, wazee wetu hawatahitaji tena kutuhadithia barazani mapenzi ya watu wengine tu.