Namba yako ya simu imefikaje kwao? Hivi ndivyo taarifa binafsi zinavyolindwa Tanzania, na zikivuka mpaka

Ukifika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kabla hujakaa kwenye siti ya basi la Mwanza au la Nairobi utakuwa umeshaacha jina na namba yako ya simu sehemu tatu au nne. Mkatisha tiketi ameuliza, "Dada, jina na namba ya simu?" Wakala uliyetoa hela kwake ameandika kwenye daftari. Kama uliingia usiku ukalala gesti ya jirani, mhudumu wa mapokezi amekupa kitabu cha wageni ujaze: jina, unatoka wapi, unaenda wapi, namba ya kitambulisho, na kwenye vitabu vya zamani hata kabila.

Kesho yake inaingia meseji: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Au anapiga mtu usiyemjua anayekuita kwa majina yako matatu. Hapo ndipo watu wengi wanapojiuliza, huyu namba yangu kaitoa wapi?

Tanzania ina sheria inayogusa swali hilo moja kwa moja, na kuna ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni hiyo tu.

Sheria yenyewe

Inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Bunge liliipitisha Novemba 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla ya hapo kulikuwa na Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu, pamoja na vifungu vilivyotawanyika kwenye sheria za mawasiliano na za benki, lakini mwananchi wa kawaida hakuwa na mlango mmoja wa kugonga.

Taarifa binafsi ni kitu chochote kinachoweza kumtambulisha mtu: jina, namba ya simu, namba ya NIDA, picha, anwani, alama za vidole. Halafu kuna kundi la taarifa nyeti, ambalo limewekewa masharti makali zaidi. Humo zimo taarifa za afya, dini, asili ya kabila au rangi, msimamo wa kisiasa, taarifa za watoto, na hata miamala ya fedha ya mtu. Kwa hiyo ile safu ya "kabila" kwenye kitabu cha gesti si jambo dogo kama linavyoonekana.

Kanuni kuu ni rahisi kuielewa. Anayekusanya taarifa zako akwambie anazikusanya kwa kazi gani. Achukue zinazotosha kwa kazi hiyo tu. Asizitumie kwa kazi nyingine. Azitunze salama, na asikae nazo kuliko muda unaohitajika. Namba uliyoitoa ili ukatiwe tiketi ni ya tiketi. Ikianza kutumika kukutumia matangazo ya viwanja vya Kibaha, tayari kuna tatizo.

Tume ni nani na inasimamiaje?

Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye makao makuu Dodoma. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 3 Aprili 2024 akazitaka taasisi za umma na za binafsi zijisajili hadi Desemba mwaka huo. Muda huo baadaye ulisogezwa mbele, maana wengi walikuwa bado hawajajisajili.

Usajili ndio mguu wa kwanza wa usimamizi. Yeyote anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa awe kwenye rejesta ya Tume: benki, hospitali, shule, kampuni ya mabasi, hoteli, kampuni ya simu, halmashauri. Usajili unadumu miaka 5 kisha unahuishwa. Taasisi inatakiwa pia iteue Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yaani mtu wa ndani anayehakikisha sheria inafuatwa. Wengi wanauona usajili kama karatasi tu ya kubandika ukutani, lakini ndio unaoiwezesha Tume kujua nani ana nini. Huwezi kumkagua mtu usiyejua kama yupo.

Mguu wa pili ni malalamiko. Mtu akiona taarifa zake zimetumika vibaya anaweza kulalamika kwa Tume. Uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90, na Tume inaweza kuongeza siku nyingine zisizozidi 90. Ikikuta kuna kosa, inatoa notisi ya kumtaka mhusika arekebishe. Asipotii, inaweza kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 100. Aliyeumia anaweza pia kudai fidia, na asiyeridhika na uamuzi anakwenda Mahakama Kuu.

Mbali na hapo kuna makosa ya jinai. Kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kupigwa faini inayofika hadi shilingi bilioni 5. Mtu binafsi anaweza kwenda jela.

Mikopo ya mtandaoni, kidonda chenyewe

Kama kuna sehemu Watanzania wengi wameonja maana ya taarifa binafsi, basi ni kwenye mikopo ya kwenye simu, ile ambayo mtaani watu wanaiweka kundi moja na "kausha damu". Chukua mfano wa dereva bodaboda wa Mbezi anayehitaji elfu hamsini ya kutengeneza pikipiki. Anapakua programu ya mkopo. Inamwomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, meseji, picha na mahali alipo. Anabonyeza "kubali" kila sehemu kwa sababu anachotaka ni hela, na inaingia ndani ya dakika chache.

Akichelewa kulipa, meseji haziendi kwake peke yake. Zinakwenda kwa mama mkwe, kwa mwenye nyumba, kwa mwenyekiti wa kijiwe, kwa mwalimu wa mtoto. "Mwambie huyu mtu alipe deni." Wengine wanaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp na picha ya mdaiwa imebandikwa juu. Deni ni la elfu hamsini, lakini aibu imefika hadi kijijini kwao.

Kisheria mambo mawili yametokea hapo. Kwanza, taarifa za mkopaji zimetumika kwa kazi ambayo si ya kumpa mkopo. Pili, na hili watu hulisahau, mama mkwe naye ana haki zake. Yeye hakuomba mkopo wala hakubonyeza "kubali" popote, na namba yake imechukuliwa bila yeye kujua. Kwa hiyo hata yeye anaweza kulalamika.

Benki Kuu ya Tanzania iliingilia kati mwaka 2024. Agosti ilitoa mwongozo kwa watoa mikopo ya kidijitali, na Novemba ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Ofisi mbili, basi, zinakutana kwenye simu moja: Benki Kuu inaangalia kama unaruhusiwa kukopesha, Tume inaangalia unafanya nini na taarifa za watu. Shida inakuja pale ambapo mwenye programu hana ofisi Tanzania.

Sheria nayo ilipelekwa mahakamani

Sheria hii haijakwepa kukosolewa. Mwanasheria Tito Magoti aliipinga Mahakama Kuu akisema baadhi ya vifungu ni vya jumla mno. Tarehe 8 Mei 2024 mahakama ilikubaliana naye kwa sehemu. Ilisema kifungu cha 22(3) na sehemu za kifungu cha 23(3) hazieleweki vya kutosha, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuzirekebisha. Kifungu cha 22(3) kilikuwa kinakataza kukusanya taarifa kwa "njia zisizo halali" bila kusema njia hizo ni zipi. Vifungu vingine alivyovipinga vilibaki.

Zikivuka mpaka inakuwaje?

Turudi stendi. Abiria wa Nairobi ameandikwa jina Mbezi Luis, na jina hilo litasomwa na watu wa nchi nyingine. Picha unayopandisha mtandaoni ukiwa Kimara inaweza kutunzwa kwenye mitambo iliyopo Ulaya au Marekani. Sheria ya Tanzania haikatazi hilo moja kwa moja. Inachotaka ni kwamba taarifa ziende kwenye nchi yenye ulinzi wa kutosha, au pawepo sababu inayokubalika, kama ridhaa ya mwenyewe au mkataba unaohitaji zipelekwe. Kanuni za mwaka 2023 zinamtaka anayesafirisha taarifa nje ya nchi aombe kibali cha Tume.

Lakini kibali ni kwa anayeomba. Kwa asiyeomba, na yuko mbali, ofisi ya nchi moja mkono wake haufiki. Ndiyo maana sheria imeipa Tume pia jukumu la kuweka utaratibu wa kushirikiana na ofisi za aina hiyo za nchi nyingine.

Majirani wameshapita njia hii, na kesi zao zinafundisha. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2019, na ofisi yake inaongozwa na Kamishna Immaculate Kassait. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Shule moja ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sehemu ya starehe ilitozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja. Mwenye programu mbili za mikopo alitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua. Ni mambo yaleyale ya Mbezi.

Kubwa zaidi ilikuwa Worldcoin. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wakapigwa picha za mboni za macho kwa kifaa maalumu ili wapewe sarafu za kidijitali. Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa hizo za macho zifutwe, chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna.

Angalia Ulaya walivyofanya kwa kampuni hiyohiyo. Hispania na Ureno zilisimamisha zoezi Machi 2024, lakini uchunguzi mkuu ulikuwa mikononi mwa ofisi ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, kwa sababu kampuni ilikuwa na kituo chake cha Ulaya huko. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inasema ofisi ya nchi yenye makao ya kampuni ndiyo inaongoza, na nyingine zinachangia na zinaweza kupinga. Ndivyo ilivyowezekana kwa ofisi ya Ireland kuipiga Meta faini ya euro bilioni 1.2 Mei 2023 kwa kupeleka taarifa za watu wa Ulaya Marekani.

Afrika Mashariki haina mfumo wa namna hiyo. Kila nchi inagonga mlango peke yake. Uganda iligonga mlango wa Google: wananchi wanne walilalamika, na Julai 2025 ofisi ya nchi hiyo ikaamua kwamba kampuni inayokusanya taarifa za Waganda inatakiwa kujisajili Uganda hata kama haina ofisi Kampala. Google ilipewa siku 30. Uamuzi huo unawahusu Watanzania pia, maana hoja ya "sisi hatupo nchini kwenu" ndiyo kinga ya wengi wanaokusanya taarifa kupitia simu.

Kwa Afrika nzima upo Mkataba wa Malabo, uliopitishwa na Umoja wa Afrika Juni 2014. Ulisubiri nchi 15 ziuridhie, ukaanza kufanya kazi tarehe 8 Juni 2023, miaka 9 baadaye. Upo pia mtandao wa mamlaka za Afrika ulioanzishwa Ouagadougou mwaka 2016. Wanakutana na kubadilishana uzoefu, ila mtandao huo hauna mamlaka ya kuipiga kampuni faini.

Ukiwa na malalamiko

Hifadhi ushahidi kwanza: piga picha ya skrini meseji ikiwa na namba na tarehe, na usifute programu kabla hujaandika jina lake kamili. Andikia kampuni husika uiulize taarifa zako imezipata wapi na uitake iache kuzitumia. Hiyo ni haki yako kisheria. Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, peleka malalamiko Tume kupitia tovuti yake, pdpc.go.tz.

Meseji za kitapeli kama ile ya "hela nitumie kwenye namba hii" zina njia yake ya haraka zaidi. Namba iliyokutumia inatumwa kwenda 15040, ambayo ni huduma ya TCRA. Na ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafungwe, uwe na kitambulisho mkononi.