Mtu wa Kuja na Darasa la Mbali: Funzo kutoka Kisiwa cha Mafia

Inasemwa sana siku hizi kwamba masomo ya intaneti yatamwingiza mhamiaji na mkimbizi katika jamii iliyompokea. Apewe simu au kompyuta, ajifunze lugha, apate cheti, naye atakuwa mmoja wetu. Jambo hili si geni kama wanavyodhani wanaolitangaza. Taifa letu limekwisha kuwafundisha watu kwa mamilioni kwa sauti itokayo mbali, na miongoni mwao walikuwamo wengi ambao hawakuzaliwa pale walipokaa kusikiliza. Kwa hiyo kabla ya kuisifu mashine mpya hapana budi kuchunguza kazi ya ile ya zamani, na pahali pa kuichunguza ni Mafia.

Mafia ni kisiwa kilichojengwa na watu wa kuja. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, ulivunjwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Makabaila wa Kiarabu wakapanda minazi, na minazi hiyo ikahudumiwa na watumwa waliotolewa bara, wengi wao kupitia Kilwa. Mwaka 1890 mabeberu waligawana pwani hii mezani, Mafia ikaangukia kwa Wajerumani. Januari 1915 Waingereza wakaiteka. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini kufutwa kwa utumwa hakukuiondoa minazi. Mwenye shamba bado alitaka mikono ya kuangua, kufua na kukausha mbata, na mikono hiyo akaipata kwa wahamiaji waliotafuta ujira, wakiwamo Wamakonde waliotoka kusini. Tusijidanganye basi kwamba mtu wa kuja aliletwa Mafia na upepo. Aliletwa na mfumo wa uzalishaji mali, na mfumo huohuo ndio uliompangia pa kukaa: chini ya mnazi usio wake.

Kaskazini mwa kisiwa mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko ardhi ya kulima ilishikwa na vikao, yaani koo zinazohesabu uzao kwa upande wa baba na wa mama pia. Mwenye kikao alikuwa na haki ya kulima. Asiye nacho aliomba, na mara nyingi alipewa, lakini kuomba ni kuomba. Mnazi nao ulikuwa na mwenyewe, mbali na ardhi uliposimama. Mtu angeweza kuishi miaka mingi kijijini, akaoa, akazika, akaswali na wenzake, na bado akaitwa mtu wa kuja.

Hayo ndiyo mazingira yaliyoikuta kampeni ya elimu ya watu wazima. Katika hotuba yake ya kuufunga mwaka 1969, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata zikachaguliwa wilaya sita zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na Mafia ilikuwa mojawapo. Septemba 1971 Mkutano Mkuu wa TANU uliamua kwamba kazi hiyo ikamilike nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Haikukamilika, lakini kwa hesabu za serikali wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima, walibaki asilimia 39 mwaka 1975 na asilimia 27 mwaka 1977.

Jambo linalotuhusu hapa si wingi huo. Ni namna kampeni ilivyowahesabu watu. Iliwahesabu kwa mahali wanapoishi, siyo kwa mahali walipozaliwa. Mtu mzima aliyekuwa kijijini na hakujua kusoma alitakiwa darasani, awe na kikao au hana. Wala hapakuwa na darasa la Wamakonde na darasa la wenyeji. Lugha ilikuwa moja, Kiswahili, ambacho mwenyeji alizaliwa nacho na mgeni alikikuta; lakini ubaoni wote wawili walianzia a, e, i, o, u. Mwenyeji aliyekuwa na minazi mia moja alikosea silabi mbele ya mwangua nazi wake. Katika kisiwa chenye historia kama ya Mafia, hilo si jambo dogo.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, majuma kumi na mawili, ikashirikisha watu wapatao milioni mbili nchini. Utaratibu wake unafaa kukumbukwa na kila anayepanga masomo ya mtandao leo. Watu hawakusikiliza kila mmoja nyumbani kwake. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kiongozi akasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini somo lilifanyika hapo hapo, kwa jembe. Na inzi hajui mwenyeji wala mtu wa kuja: choo cha mmoja kisipochimbwa, wote wanaugua. Hapo mgeni alihitajiwa.

Hata hivyo ni lazima tuseme kweli. Kisomo hakikumpa mtu wa kuja mnazi hata mmoja. Kilimpa uwezo wa kusoma tangazo na kusaini jina lake badala ya kutia dole gumba. Umilikaji ulibaki vilevile. Na hali ya uchumi ilipokuwa ngumu mwanzoni mwa miaka ya 1980, betri na mafuta ya taa yakaadimika, na redio isiyo na betri ni sanduku tu.

Tukiwageukia wakimbizi waliopokewa na nchi yetu, mgongano huo unaonekana wazi zaidi. Wapigania uhuru walisomeshwa ili warudi kwao: FRELIMO ilikuwa na Taasisi ya Msumbiji Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na ANC ilikuwa na shule yake Mazimbu, Morogoro, tangu mwaka 1978. Ilikuwa haki, maana walikuwa vitani. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakuanza na mashine yoyote. Walianza na ardhi ya kulima, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Baada ya mwaka 2007 zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao walikubaliwa uraia.

Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Huko, katika miaka ya 2010, yaliwekwa madarasa yenye kompyuta na intaneti ambayo shule nyingi za vijiji vyetu hazikuwa nayo. Lakini watoto wa kambini walifundishwa mitaala ya Kongo na Burundi, na mkimbizi kwa sheria ya mwaka 1998 hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Serikali ilikuwa na sababu zake, za usalama na za mzigo uliobebwa na wananchi wa Kigoma, hatuzipuuzi. Tunachosema ni hiki: mashine iliyo bora kuliko zote iliwekwa pale ambapo mlango wa jamii ulikuwa umefungwa, na mashine haikuufungua.

Mafia yenyewe bado inapokea watu. Wavuvi wa dago huja na majira kutoka Unguja, Kilwa na Rufiji, wakapiga kambi ufukweni, kisha wakahama. Tangu Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995, tofauti ya mkazi na mgeni imeandikwa pia katika vibali vya kuvua. Mvuvi wa dago leo anaweza kuwa na simu mfukoni, na kwa simu hiyo akasoma somo lolote aliyoanzishiwa popote duniani. Mtoto wake anaweza kusoma kwa simu ya baba. Lakini akisoma peke yake ndani ya dago, na mtoto wa mwenyeji akasoma peke yake nyumbani kwao, hao wawili hawajakutana. Mwaka 1973 kwenye redio walikaa duara moja, na baada ya kipindi kiongozi aliwauliza wote, mmoja mmoja, nani ataleta jembe kesho.