Zamu na Kipimo: Mifongo ya Kilimanjaro na Mgawanyo wa Maji Mvua Zinapobadilika, 1884–2009

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu maji ya Mlima Kilimanjaro umetawaliwa kwa muda mrefu na taswira ya barafu inayotoweka kileleni. Taswira hiyo ina msingi. Barafu iliyofunika takribani kilometa za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilometa za mraba 2 ilipofika 2007. Hata hivyo, kuyeyuka kwa barafu hakutoshi kueleza kwa nini mifereji ya asili ya Wachaga, ijulikanayo kama mifongo, imekauka katika baadhi ya maeneo, wala kwa nini wakulima wa juu na wa chini wamegombania maji. Insha hii inajenga hoja kwamba kiini cha mgogoro ni mabadiliko ya namna ya kugawana maji. Mfumo wa zamu, ambao uligawa upungufu sawia na neema, ulifunikwa na mfumo wa kipimo, ambao huchukulia kwamba mto una kiasi cha maji kisichobadilika.

2.0 Mvua, Msitu na Barafu

Mteremko wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na mvua chache zaidi wakati wa vuli. Mvua hiyo haienei kwa usawa. Ukanda wa msitu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali tambarare inayouzunguka mji wa Moshi hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Kileleni mvua na theluji ni haba. Kwa sababu hiyo, chemchemi zinazolisha mito ya Weruweru, Karanga, Rau na Himo hutegemea zaidi maji yanayopenya ardhini katika ukanda wa msitu kuliko maji ya barafu, ambayo sehemu yake kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kufika mtoni.

Tafiti za Georg Kaser na Thomas Mölg zimehusisha kupungua kwa barafu hiyo na hali ya hewa kuwa kavu zaidi tangu miaka ya 1880. Naye Andreas Hemp ameonesha jinsi moto ulivyoshusha mpaka wa juu wa msitu, na hivyo kupunguza uwezo wa miti kunasa maji ya ukungu. Matokeo hayo yana umuhimu kwa mwanahistoria. Ikiwa hatima ya mito imo msituni na katika mvua, basi suala la maji linarudi mikononi mwa watu wanaotumia msitu, wanaofungua mabanio na wanaotunga sheria.

3.0 Mfongo kama Taasisi

Wageni walioandika kuhusu mlima huu katika nusu ya pili ya karne ya 19, akiwemo Harry Johnston aliyekaa huko mwaka 1884, walikuta mifereji iliyokwisha kukomaa. Banio lilijengwa kwa mawe, matawi na udongo juu katika korongo la mto. Kutoka hapo mfereji ulifuata mkunjo wa mlima hadi mgongoni, kisha ukagawanyika kwenda kwenye vihamba vya migomba na kwenye mashamba ya ulezi uliolimwa wakati wa kiangazi. Palipokuwa na bonde la kuvuka, maji yalipitishwa katika magogo yaliyochongwa.

Kazi hiyo ilihitaji utaratibu wa kijamii. Mfongo ulihesabiwa kuwa wa ukoo au kundi lililouchimba, na mzee wake aliitisha siku ya kazi, hasa baada ya masika kubomoa kingo. Asiyefika alitozwa faini, mara nyingi pombe au mnyama. Aliyefika alipata zamu, yaani siku au saa ambazo maji yote ya mfereji yalielekezwa kwake. Mifongo iliyochota mto mmoja ilipozozana, shauri lilifika kwa Mangi.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba zamu haikumwahidi mtu kiasi chochote cha maji. Ilimwahidi muda. Mto ulipojaa, kila mwenye zamu alipata maji mengi. Ulipopungua, kila mmoja alipata machache. Ukame uligawanywa bila kuhitaji uamuzi mpya.

Mfumo huo haupaswi kupambwa kupita kiasi. Wanawake, ambao ndio waliobeba mzigo wa maji ya nyumbani, hawakuwa na sauti katika uongozi wa mfongo. Koo za waanzilishi zilipewa kipaumbele, na mifereji ya udongo ilivujisha maji mengi njiani. Aidha, desturi hiyo iliwafunga waliokuwa ndani ya mfongo mmoja kuliko waliokuwa mbali tambarareni, ambao madai yao hayakuwa na uzito huo.

4.0 Kuingia kwa Kipimo

Utawala wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, ulileta mashamba makubwa ya walowezi pembezoni mwa mlima. Sheria ya maji ya 1923, na zile zilizofuata mwaka 1948 na 1959, ziliweka utaratibu wa kuandikisha haki za maji serikalini. Maji ya mfongo yaliendelea kutazamwa kama jambo la mila, huku haki ya mlowezi ikiwa na hati. Kwa hiyo mto mmoja ulibeba mifumo miwili ya haki, mmoja ukisomeka ofisini na mwingine ukisomeka katika kumbukumbu za wazee.

Wakati huohuo mahitaji yaliongezeka. Kilimo cha kahawa kilipanuka, kama inavyodhihirishwa na kuundwa kwa chama cha wakulima wenyeji mwaka 1925 na kisha KNCU mwaka 1933. Watu waliongezeka na vihamba vikagawanywa. Mwaka 1963 sheria iliyotambua uchifu ilifutwa, na mamlaka iliyokuwa ikisuluhisha mifongo mbalimbali ikaondoka pamoja nayo.

Sheria Na. 42 ya 1974 iliyaweka maji yote chini ya Jamhuri ya Muungano. Kila mtumiaji alitakiwa kuwa na haki iliyosajiliwa, inayotaja kiasi cha maji kwa kipimo. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilikabidhiwa usimamizi wa mto ambao tayari ulidaiwa na wengi: mifongo ya mlimani, miji, mashamba makubwa, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, yenye uwezo wa takribani megawati 97 kwa jumla baada ya upanuzi wa miaka ya 1990.

5.0 Kipimo Mbele ya Ukame

Udhaifu wa kipimo hujitokeza mvua zinapopungua. Tuchukue mfano wa kihesabu. Mto una lita 300 kwa sekunde. Mtumiaji wa juu ana haki ya lita 100 na wa chini lita 200. Mto ukishuka hadi lita 150, wa juu anaweza kuchota lita zake 100 bila kuvunja sharti la hati yake, na wa chini akabaki na lita 50. Upungufu wa nusu kwa mto umekuwa upungufu wa robo tatu kwa mmoja, na kwa mwingine si upungufu hata kidogo. Ni kweli kwamba sheria huipa mamlaka uwezo wa kupunguza haki wakati wa ukame. Lakini uwezo huo unahitaji vipimo vya kila siku, watumishi wa kutosha na mabanio yanayofungika. Banio la mawe na matawi halina mlango wa kufunga wala kipimo cha kusoma.

Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, unathibitisha hoja hii kwa upande mwingine. Mifereji yake ya saruji ilitegemea maji ya mito Rau na Njoro. Mafanikio ya mpunga yaliwavutia wakulima walioishi juu ya mabanio ya mradi, nao wakaanza kulima zao hilohilo kwa maji yaleyale. Eneo la mradi lililopata maji likapungua. Haki ya maji ilikuwepo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya watu wa juu na wa chini, ambayo hati haikuweza kuyazaa.

6.0 Hitimisho

Sera ya Maji ya 2002 na Sheria Na. 11 ya 2009 zimefungua njia ya kurekebisha hali hii, kwa kutambua haki za kimila na kuzipa nafasi jumuiya za watumia maji. Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba utambuzi huo hautatosha ikiwa haki ya kimila itatafsiriwa tu kuwa idadi ya lita na kuingizwa daftarini. Kufanya hivyo ni kuhifadhi jina la mfongo na kuacha kanuni yake. Jumuiya inayounganisha mabanio ya juu na ya chini ya mto mmoja, ikagawana sehemu ya maji yaliyopo badala ya kiasi kilichoandikwa, ingeweza kufanya kati ya mifongo kile ambacho zamu ilikifanya ndani ya mfongo mmoja. Mvua zisizotabirika zinaongeza uzito wa suala hilo, kwa kuwa mto ukishuka, hati hubaki na lita zilezile.