Pumzi na Vipimo Vyake Miteremkoni mwa Kilimanjaro

Hospitali ya Kibong'oto ilipofunguliwa mwaka 1926 katika eneo la Siha, magharibi mwa Kilimanjaro, dawa ya kifua kikuu ilikuwa haijapatikana duniani, na tiba iliyotumainiwa ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi. Katika zama hizo baadhi ya matabibu wa Ulaya, kwa itikadi kwamba pafu bovu likistareheshwa hupona, waliuponda kwa makusudi mshipa wa fahamu upitao shingoni, ili kiwambo, yaani ule msuli mpana utengao kifua na tumbo, kipooze upande mmoja. Leo yatisha kuisikia tiba hiyo, lakini haikukosa ilimu: mgonjwa aliposimamishwa mbele ya eksirei akaamriwa kunusa kwa ghafula, nusu iliyo hai ya kiwambo ilishuka na nusu iliyopooza ilipanda, udhaifu ukadhihirika kwa macho.

Tarakimu za pumzi zilikuwa zimetangulia. John Hutchinson wa London alitangaza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1846, baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000. Ila chombo hicho hutaja kiasi, hakitaji kasoro i wapi. Pafu lililosinyaa na msuli uliolegea huweza kutoa hesabu moja, mpaka mgonjwa alazwe chali apimwe tena, na pumzi ikipungua sana kuliko alipokuwa ameketi, lawama hukielekea kiwambo.

Udhaifu huo wa misuli ya pumzi ulijitokeza tena mwaka 1952, polio ilipolipuka Copenhagen, na wagonjwa wakafa ilhali rangi yao haikubadilika, kwa kuwa walipewa oksijeni lakini misuli haikuweza kuitoa hewa chafu iliyojaa damuni. Tabibu Bjørn Ibsen alipoitambua hila hiyo, wanafunzi wa udaktari waliwekwa zamu usiku na mchana, wakiwapumulisha wagonjwa kwa kuminya mifuko kwa mikono.

Moshi ilipata hospitali ya KCMC mwaka 1971, na Mkuu, upande wa Rombo, ina hospitali ya Huruma. Huko nako aghalabu mtihani wa kwanza wa misuli ya pumzi hautaki mashine. Aliyeumwa na koboko katika nyanda za chini, au aliyeshikwa na ganzi ipandayo toka miguuni, huambiwa avute pumzi kwa nguvu zake zote kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine: mtu mzima mwenye afya hufika takriban 50, na asiyefika 20 ana jambo. Hutazamwa pia kama aweza kuinua kichwa toka kwenye mto wa kulalia, kama kikohozi chake kina kishindo, na kama tumbo labonyea ndani wakati kifua chapanda. Kwa rai yangu, kile kipima oksijeni cha kidoleni kimewastarehesha wauguzi wengi kupita kiasi, maana tarakimu yake hukawia kushuka; mgonjwa aliyehesabu 30 asubuhi na 12 adhuhuri ateremshwe toka Mkuu hadi Moshi kwa njia ya Marangu na Himo, pamoja na mtu ajuaye kuminya mfuko, hata kama kidole chake chaonyesha asilimia 95.